Fuwele kubwa ndani ya jiwe la chembe laini: je, lava ilipoa haraka au polepole?

*Swali: Ninaandika ripoti ya mwaka wa mwisho kuhusu mkondo mmoja wa lava ya basalti, na nina mawe matatu. La kwanza nililitoa chini kabisa ya mkondo. Ukingo wake ni mweusi na unang'aa kama chupa. La pili ni la katikati, la kijivu, chembe zake hazionekani kwa macho, ila lina madoa meupe yenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. La tatu nimelikatia slaidi, yaani kipande chembamba kinachopitisha mwanga, na kwenye hadubini naona vijiti vya madini ya feldispa vimezama ndani ya fuwele kubwa ya madini ya piroksini. Tulifundishwa kwamba chembe kubwa zinatokana na kupoa polepole chini ya ardhi na chembe ndogo zinatokana na kupoa haraka juu. Sasa hili jiwe la pili lilipoaje? Na je, niandike kwamba feldispa yote iliganda kabla ya piroksini kwa kuwa imo ndani yake? Msimamizi wangu anataka nikadirie kasi ya kupoa kutokana na ukubwa wa chembe.*

Nianze na kinachokusumbua hasa. Mawe yako matatu yametoka kwenye mkondo mmoja, bila shaka kemia yake inakaribiana, na bado kila moja lina sura yake. Kanuni ya darasani inakupa majibu mawili tu, haraka au polepole, na jiwe la pili linayakataa yote mawili. Hujakosea kuliangalia. Kanuni yenyewe ni fupi mno kwa kazi unayoipa.

Si kwamba ni ya uongo. Mwishoni mwa karne ya 18, wakati wanazuoni wa Ulaya wakiwa bado wanabishana kama basalti ilitokana na moto au ilituama baharini, Sir James Hall wa Uskoti aliyeyusha basalti kwenye tanuri. Alipoipoza haraka alipata kioo. Alipokiyeyusha kioo hicho tena na kukiacha kipoe taratibu, alipata jiwe lenye chembe, la namna ileile aliyoanza nayo. Matokeo hayo aliyawasilisha mwaka 1798, na hadi leo yanakubalika. Lakini Hall alikuwa na tanuri, akabadilisha jambo moja tu na kuyaacha mengine yatulie. Magma (mwamba ulioyeyuka) inayopanda kuelekea juu hubadilikiwa na joto, shinikizo, maji na mnato (uzito wake wa kutiririka) kwa mpigo mmoja.

Basalti haigandi kwenye nyuzi moja kama maji safi. Huanza kutoa fuwele, yaani chembe za madini zenye atomi zilizojipanga, ikiwa na nyuzi joto 1,200 hivi za Selsiasi na kumaliza karibu na 1,000, na katikati ya hapo kila madini huingia kwa wakati wake. Ili fuwele iwepo, kwanza lazima kizaliwe kiini, yaani kundi dogo la atomi zilizojipanga sawasawa. Makundi ya namna hiyo hujiunda na kuvunjika muda wote ndani ya magma. Kundi dogo mno lina uso mkubwa kuliko ujazo wake unavyoweza kuuhimili. Uso hugharimu nishati, basi kundi linayeyuka tena. Linalodumu ni lile tu lililovuka ukubwa fulani. Magma ikiwa imeshuka nyuzi chache chini ya kiwango chake cha kuanza kuganda, ukubwa huo wa kuvuka ni mkubwa, na viini vinavyofaulu ni haba. Ikishuka zaidi, ukubwa unaotakiwa hupungua na viini huzaliwa kwa maelfu.

Hizo nyuzi ambazo magma imeshuka chini ya kiwango cha kuganda huku ikiwa bado ni ya majimaji ndizo ninazotaka uzishike. Tuziite upoaji wa ziada. Kukua kwa fuwele nako hutegemea upoaji wa ziada, ila kilele chake huwahi: fuwele hukua vizuri zaidi upoaji wa ziada ukiwa mdogo, wakati viini bado ni vichache. Kilele cha kuzaliwa kwa viini huja baadaye. Na magma ikishuka kupita kiasi, yote mawili hufifia, kwa sababu mnato umepanda na atomi haziwezi tena kusafiri hadi zinapohitajika.

Chukua shamba la urithi. Warithi wakiwa watatu, kila mmoja anaondoka na eneo la maana. Wakiwa mia tatu, kila mmoja anaambulia kitalu. Vivyo hivyo ukubwa wa chembe kwenye jiwe huamuliwa kwanza na idadi ya viini vilivyogawana magma, ndipo muda unafuata. Kasi ya kupoa inaingia kwa mlango wa nyuma: magma ikipozwa haraka huteleza hadi kwenye upoaji mkubwa wa ziada, viini vinafurika, na jiwe linatoka na chembe laini. Ila zipo njia nyingine za kufika hapo, na zipo njia za kupata viini vichache bila kupoa polepole. Majaribio ya tanuri yameonyesha, kwa mfano, kwamba basalti iliyopashwa joto kupita kiwango cha kuyeyuka na kukaa hapo hupoteza hata mabaki ya viini vyake. Ukiipoza kwa kasi uliyotumia kwa nyingine iliyoanzia chini kidogo ya kiwango hicho, ya kwanza inatoa fuwele chache zenye mifupa mitupu na ya pili inatoa punje nyingi zilizojaa vizuri. Kasi ni moja, mawe mawili.

Sasa tuje kwenye mawe yako.

La kwanza halina utata. Ukingo wa chini uligusa ardhi baridi, ukashuka mamia ya nyuzi kabla viini havijapata nafasi, ukabaki kioo. Lishike chini ya lenzi ya mkononi na uanze ukingoni kwenda ndani. Kioo chenyewe kwa kawaida huwa na unene wa milimita chache, pengine sentimita moja au mbili. Baada yake mara nyingi kuna ukanda wenye vidoa vya mviringo, na kila kidoa ni fungu la nyuzi nyembamba za fuwele zilizochanua kutoka sehemu moja. Ndani zaidi vidoa vinagusana, kisha vinapotea, na jiwe la kijivu la kawaida linaanza. Lava zilizoganda chini ya bahari huonyesha mfuatano huu vizuri kuliko zote. Katika upana wa kiganja una upoaji wa ziada uliokithiri, wa kati na wa wastani, vimepangwa kwa zamu. Mimi ningelipa jiwe hili kurasa nyingi kuliko hayo mengine.

Usije tu ukaihamishia hoja hiyo kwenye kila kioo cha volkano. Obsidiani huweza kuunda mikondo yenye unene wa makumi ya mita, na kitu kinene namna hiyo hakiwezi kupoa ghafla. Inabaki kioo kwa sababu ni rayolaiti, lava yenye silika (muungano wa silikoni na oksijeni) nyingi: minyororo ya silikoni na oksijeni imeshikana, na mnato wake unazidi ule wa basalti kwa mara maelfu na mamilioni. Atomi hazifiki hata zikipewa muda. Kwa hiyo kioo kwenye basalti kinazungumzia zaidi kasi, na kioo kwenye rayolaiti kinazungumzia zaidi mnato.

Jiwe la pili ndilo lililokufanya uandike, na kabla hatujalijadili nina ombi: hakikisha madoa meupe ni fuwele kweli. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Basalti nyingi hutoka zikiwa na matundu ya gesi, na maji yanayopita baadaye hujaza matundu hayo kwa madini kama kalsaiti, zeolaiti au kalsedoni. Kwa mbali doa la namna hiyo halitofautiani na feldispa. Lisogeze kwenye mwanga na uzungushe jiwe. Feldispa ina pande zilizonyooka na hupasuka kwenye bapa, kwa hiyo kwenye pembe fulani doa zima litamulika kwa mara moja kisha lizime. Tundu lililojazwa lina ukingo wa mviringo au yai, na mara nyingi utaona limejazwa kuanzia ukutani kwenda kati, wakati mwingine likiacha uwazi mdogo katikati. Jaribu ncha ya kisu: kalsaiti yenye ugumu wa 3 inakwaruzika bila shida na hutoa povu ukidondoshea asidi hafifu, feldispa yenye ugumu wa 6 haijali kisu cha kawaida. Ikiwa ni matundu yaliyojazwa, madoa hayasemi lolote kuhusu jinsi magma ilivyoganda. Yanasimulia gesi, kisha maji ya baadaye.

Tuchukulie ni feldispa. Maelezo utakayoyakuta kwenye vitabu vingi ni ya hatua mbili: fuwele kubwa zilikua kwa utulivu kwenye hifadhi ya magma chini, kisha mlipuko ukazileta juu, na majimaji yaliyobaki yakaganda haraka kuwa usuli wa chembe laini, yaani mwili wa jiwe unaozizunguka. Maelezo hayo ni ya kweli kwa mawe mengi. Kenaiti ni mfano mzuri, jiwe ambalo mjiolojia J. W. Gregory alilipa jina la Mlima Kenya na ambalo jamii yake ipo pia Kilimanjaro na kwenye volkano ya Erebus huko Antaktika: feldispa zenye umbo la rombasi zimelala kwenye usuli mweusi, na kule Erebus hufikia sentimita kadhaa na kuzagaa ukingoni mwa kreta pindi kioo kilichozizunguka kinapomomonyoka. Hata lava isiyo na silika ya kutaja hufanya hivyo. Ile ya Ol Doinyo Lengai, inayotoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, hubeba fuwele kubwa za madini ya nyerereiti na gregoriti kwenye usuli wa chembe ndogo. Ya kwanza ina jina la Mwalimu Nyerere, ya pili la Gregory huyohuyo.

Ila hatua mbili za kuganda si lazima ziwe hatua mbili za kupoa. Maji yaliyoyeyuka ndani ya magma hushusha kiwango cha kuganda. Magma ikipanda, shinikizo linapungua, maji yanatoka kama mapovu, na kiwango cha kuganda kinaruka juu. Magma inajikuta kwenye upoaji mkubwa wa ziada bila kupoteza hata nyuzi moja. Tena inaweza kupata joto kidogo, kwa kuwa kuganda kwenyewe hutoa joto. Vijifuwele vidogo vya usuli kwenye lava za volkano kama Mount St. Helens vilizaliwa kwa kiasi kikubwa namna hii, ndani ya bomba, kabla lava haijaona hewa. Basalti nyingi hazina maji mengi hivyo, lakini usilifute jambo hili kabla hujaangalia matundu ya gesi kwenye jiwe lako.

Njia nyingine ni kwamba fuwele kubwa si za magma hiyo kabisa. Zinaweza kuwa zilichukuliwa kwenye mabaki ya magma ya awali au kwenye kuta za mwamba. Kata slaidi ya jiwe la pili pia, kisha tazama feldispa kubwa kwenye mwanga uliopitishwa kwenye vichujio viwili vilivyokingamana. Kama ina pete nyembamba zinazofuatana kwa ustaarabu, ilikua ndani ya magma iliyokuwa inabadilika taratibu. Kama sehemu yake ya katikati imetafunwa, kingo zimeviringika au kuna ukanda wenye matobo uliofunikwa na ganda safi, basi iliwahi kuwa mahali ambapo haikupatana na magma. Hapo kauli ya "ilipoa polepole" ni ya historia ya jiwe jingine.

Na mwisho, madini hayana wepesi sawa wa kuzaa viini. Kwenye magma ileile inayopoa kwa kasi ileile, madini moja hupata viini vichache na kunenepa, jirani yake hupata viini vingi na kubaki vumbi. Tofauti ya ukubwa inatokea bila hatua mbili za aina yoyote.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalojibu swali lako kuhusu jiwe la tatu. Hapana, usiandike kwamba feldispa yote iliganda kabla ya piroksini. Kuzama ndani kunathibitisha kitu kidogo kuliko hicho: kwamba kijiti kile, mahali pale, kilikuwepo piroksini ilipofika. Piroksini iliyozaa kiini kimoja kwenye eneo ambalo feldispa imezaa mia itakua ikivimeza vijiti vinavyoendelea kukua, na yote mawili yatakuwa yanaganda kwa wakati mmoja. Kuna namna ya kupima. Chagua piroksini moja kubwa, pima urefu wa vijiti vilivyo karibu na kati yake, kisha vilivyo karibu na ukingo, kisha vilivyo nje kabisa. Vikiwa vinarefuka kadiri unavyotoka nje, maana yake vile vya kati vilimezwa vikiwa vidogo na kunyimwa nafasi ya kukua, huku wenzao wakiendelea. Ushahidi wa namna hii ndio uliotumika kwenye gabro (mawe yenye kemia kama ya basalti yaliyoganda chini ya ardhi) za Skaergaard, Greenland, kuonyesha kwamba madini hayo mawili yalikua pamoja. Vikiwa na urefu uleule kila mahali, hoja ya feldispa kutangulia inapata nguvu. Chukua vipimo vingi, maana slaidi hukata vijiti kwa pembe tofauti na kijiti kirefu kilichokatwa kwa upana huonekana kifupi.

Ukiwa hapo kwenye hadubini, tazama pia ncha za vijiti. Feldispa iliyokua bila haraka ina ncha butu, zilizonyooka. Upoaji wa ziada ukipanda, fuwele hukua kwa kasi kuliko atomi zinavyoweza kuletwa. Mbele ya nyuso zake hurundikana mabaki isiyoyahitaji, na pembe pekee ndizo zinazochomoza hadi kwenye majimaji mapya. Matokeo yake pembe zinakimbia na katikati kunabaki nyuma: kijiti kinapata ncha iliyopasuka kama mkia wa mbayuwayu, na ndani yake mara nyingi kuna mfereji wa kioo. Upoaji wa ziada ukizidi tena unapata matawi kama ya jani la kangaga, kisha mafungu ya nyuzi yale niliyoyataja kwenye jiwe la kwanza. Mtafiti Gary Lofgren alionyesha mfuatano huo wa maumbo kwenye plajioklesi (aina ya feldispa) za maabara mwaka 1974. Kwa maoni yangu umbo la fuwele linaaminika kuliko ukubwa wake, kwa sababu haliathiriwi sana na muda ambao fuwele ilipewa.

Kuhusu kadirio analolitaka msimamizi wako, kuwa mkweli naye. Ukubwa wa chembe peke yake hautoi nyuzi kwa saa. Zipo njia za kuhesabu mgawanyo wa ukubwa wa fuwele na kuupachika mlinganyo, lakini lazima uchukulie kasi fulani ya kukua, na jibu litafuata kasi uliyochagua. Kadirio bora zaidi unalo tayari nje ya maabara: unene wa mkondo. Muda ambao joto hutumia kusafiri ndani ya mwamba huongezeka kwa uwiano wa mraba wa umbali. Kwa mwamba wa kawaida, unene wa mita 1 unadai muda wa wiki mbili hivi, mita 10 miaka kama mitatu, na mita 100 karne kadhaa. Hesabu hiyo ni ya kupitisha joto tu. Mvua na maji yanayopenya kwenye nyufa huharakisha mambo. Ziwa la lava la Kilauea Iki, Hawaii, lililojaa mwaka 1959 likiwa na kina cha zaidi ya mita 100, lilitobolewa mara kwa mara na watafiti likiwa bado linaganda, na majimaji yake ya mwisho yaliisha katika miaka ya 1990. Anza na unene, pata muda, kisha uulize kama maumbo uliyoyaona yanaendana nao. Yasipoendana, una jambo la kuandika.

Kwenye ripoti ningetenganisha unachokiona na unachokidhani. Kwa jiwe la pili, mfano: "Basalti ya chembe laini yenye asilimia fulani ya fuwele kubwa za plajioklesi, zenye pete, kingo zilizonyooka, usuli wa vijiti vya plajioklesi na punje za piroksini na madini ya chuma kati yake, kioo kidogo." Hilo liwe aya moja. Tafsiri iwe aya nyingine, na iseme ni ipi kati ya njia nilizotaja inayoungwa mkono na slaidi. Mtahini atakusamehe tafsiri yenye mashaka. Maelezo yaliyochanganywa na tafsiri hayasahihishiki.

Baadhi ya mambo siwezi kuyamaliza kwa maandishi, wala kwa picha ya simu. Ikiwa usuli ni wa kahawia na umefifia, huenda kioo kimegeuka udongo au kimeanza kuzaa chembe baada ya kuganda, na hilo linahitaji mpetrolojia akae nawe kwenye hadubini moja, slaidi ikizungushwa. Ikiwa unataka kutamka kwamba fuwele kubwa ni za kigeni, tafuta maabara yenye kipimo cha elektroni cha kupimia kemia ya kila pete, macho hayatoshi. Na kama sababu ya ripoti ni kutafuta kokoto za zege, usiruhusu mtu atumie jiwe hilo kwa kutegemea maelezo yangu au yako. Kioo cha volkano chenye silika nyingi huweza kujibizana na alkali ya saruji na kupasua zege miaka kadhaa baadaye. Basalti ina hatari ndogo kuliko rayolaiti, lakini mwenye kusema ndiyo au hapana ni maabara ya vifaa vya ujenzi, ikiwa na sampuli mkononi.

Ukienda kukata slaidi ya jiwe la pili, weka kwenye jiwe alama ya upande wa juu na ya uelekeo wa dira lilivyokuwa limelala, kabla halijaingia msumenoni. Vijiti vya feldispa vikiwa vimelala kuelekea upande mmoja utataka kujua lava ilikuwa inatiririka kwenda wapi, na bila alama hizo slaidi haitakwambia.